Fahali Mheshimiwa Hakupiga Kura

Muaither, Doha
Ijumaa, siku yangu ya kupumzika

Baba mpendwa,

Mulembe. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha kila anayeota moto wa boma hilo. Goti lako la kulia linasemaje? Mdogo wangu Shikanga ameniambia umerudia kulichua kwa mafuta ya taa, na ile dawa ya tyubu niliyotuma umeiweka juu ya kabati ikae kama mgeni. Baba, mafuta ya taa ni ya taa. Mama naye, kile kifua kimemwachia? Mwambie asifagie uwanja alfajiri, angoje jua likaushe umande.

Mimi ni mzima. Baridi imefika huku. Najua utacheka, maana kichwani mwako Doha ni jiko, na kweli mwezi wa saba ni jiko, lakini siku hizi asubuhi tunangojea basi la kampuni tumejikunja ndani ya masweta kama wachuma chai. Chakula kipo, kazi ipo, mshahara unakuja. Sina la kulalamikia ila hili lililonifanya nishike kalamu.

Nilipokupigia Jumapili na kumtaja fahali, ulisema mambo ya ng'ombe hayazungumzwi kwa simu, ukakata. Haya. Kama hayazungumzwi kwa simu, yataandikwa. Brayo, kijana wa Nairobi ninayefanya naye kazi, anakwenda likizo wiki hii. Ataibeba barua hadi Nairobi aipakie kwenye basi, na Shikanga ataipokea stendi, kisha akusomee, kwa kuwa macho yako hayapendi mwandiko wangu. Nimemwonya asome yote. Shikanga, nimesema usiruke mahali.

Kazi yangu ni ile ile. Nalinda lango la jengo refu kule The Pearl, kile kisiwa nilichokueleza, ambacho watu walimwaga mchanga baharini wakajenga maduka na nyumba za matajiri juu yake. Nasimama, nakagua kadi, nainua kizuizi, gari linapita. Kifuani nina kibao chenye jina Beatrice, ila hakuna anayelisoma. Wenye nyumba huniita "Security", nami hugeuka. Mwanzoni iliniudhi. Siku hizi nageuka hata dukani mtu akimwita mlinzi mwingine kabisa.

Mtu akiwa mbali, mambo ya nyumbani hayamchomi sana. Anayaona kama mvua inayonyesha ng'ambo ya mto. Ndivyo nilivyouona uchaguzi wenu mdogo.

Siku ya kura nilikuwa zamu ya mchana. Saa ya chakula tunashuka chumba cha walinzi, chini kabisa kwenye maegesho ya magari, na huko nilimkuta Brayo ameegemeza simu kwenye chupa ya maji, anatazama matokeo ya jimbo letu ambalo hajawahi kulikanyaga. Wakati wa uchaguzi mkuu, Brayo alipanga foleni ubalozini hapa Doha tangu asubuhi ili ampigie Rais kura. Alirudi amevaa fulana ya kampeni, akaivaa mpaka ikamkinai. Alisema ataongeza mkataba mmoja tu, maana kazi zitajaa nyumbani na yeye atafunga virago. Muhula umefika katikati, virago havijafungwa, na ile fulana sasa anapangusia viatu vya kazi.

"Kwenu wamekataa," akaniambia kabla sijakaa. "Manze, wamekataa kabisa. Jamaa wa Rais ameangushwa mpaka kwa kituo ya nyumbani kwake."

"Na aliyeshinda ni nani?"

"Si ata huyo hakuna mtu anamjua poa. Watu walikuwa wanataka tu kusema zii."

Mimi nilikuwa na chapati na maharagwe mbele yangu. Nikala. Sikushangaa, kwa sababu Shikanga alikuwa ameshanieleza habari za matingatinga: kwamba Rais alikuja mwenyewe kumnadi mtu wake, akasimama juu ya gari, akaahidi barabara ile ile ya lami aliyoahidi mara ya kwanza, na matingatinga yakaletwa yakakwaruza njia mbele ya lango letu. Kura zilipomalizika kupigwa, kabla hata hazijahesabiwa, yakapakiwa kwenye malori yakaondoka. Ninyi si watoto. Na wewe Baba hasa, ambaye ile mara ya kwanza ulikata migomba yako kwa mkono wako na kuurudisha ua ndani ili barabara ipate nafasi. Hakuna aliyekuomba. Ulisema maendeleo hayangojei ndizi. Mpaka leo pale migomba ilipokuwa kuna rundo la kokoto lililoota nyasi, na Mama husema walionufaika ni kuku wake, wamepata mahali pa kutagia.

Lakini kushindwa kwa mtu wa Rais hakukumuuma Brayo. Kilichomuuma kilikuja siku chache baadaye, Rais alipotokea kwenye runinga. Tulijaa kile chumba, Wakenya na Waganda wawili watatu, simu moja katikati. Watu walidhani atasema amesikia. Hawakutaka zaidi ya hapo. Yeye akatabasamu, akasema hizo ni kura chache za mahali pachache na kazi inaendelea, kisha akahamia kwenye habari za safari zake. Brayo akaizima simu yake.

"Afadhali angetutusi," akasema. "Mtu akikutusi, at least amekuona."

Tukavaa kofia zetu tukapanda juu kazini. Baadaye Shikanga akaniambia kwamba nawe uliizima redio kwenye hotuba hiyo hiyo, ukatoka ukakaa kwenye rundo la kokoto mpaka ugali ukapoa. Kijana wa Nairobi na mzee wa kwetu hamjuani hata kwa sura, na mmefanya jambo moja.

Basi mimi nikadhani yameishia hapo. Nchi imekasirika, nchi itapoa, ndiyo ada yake. Kisha Jumamosi Shikanga akanitumia video.

Nilikuwa kitandani, na Mwanaidi kitandani kwake. Huyu ni msichana wa Tanga, tunalala chumba kimoja na tunalinda lango moja. Aliniona nimeganda, akaja kuchungulia simu, akauliza mbona ng'ombe anazomewa. Nikalazimika kumweleza tangu mwanzo. Nikamwambia kwetu Jumamosi asubuhi fahali hupiganishwa, na boma lenye fahali anayeshinda huheshimiwa kuliko lenye gari. Nikamwambia fahali haendi uwanjani hivi hivi kama mtu anayekwenda kununua sukari. Hupelekwa na wimbo. Ngoma zetu za isukuti zinalia, vijana wanatimua vumbi, jina lake linaimbwa njia nzima, na akifika uwanjani damu imeshapanda. Nikamwambia wetu alimshinda fahali aliyeogopwa kuliko wote wiki ile ile Rais alipopita kwetu akiomba kura za kwanza, na watu kwa furaha yao wakamwita Mheshimiwa. Nawe ukamwaga busaa, pombe yetu ya kienyeji, chini kulifunga jina hilo. Na jina la fahali likishamwagiwa busaa halibadilishwi, mwenye kulibadilisha anazika boma lake.

Mwanaidi akashika kiuno. "Jamani Wakenya! Ng'ombe mkampa cheo cha mkubwa wa nchi?"

"Ilikuwa heshima."

"Heshima gani hiyo, na kila mtu anamwona akijisaidia njiani? Kwetu nani athubutu?"

Tukaitazama pamoja. Wewe na Shikanga mnamtoa Mheshimiwa bomani. Njia ipo, watu wapo, ngoma hakuna. Mzee Lugonzo, ambaye isukuti yake haijawahi kukosa kumsindikiza fahali wetu, amesimama kando mikono mfukoni. Vijana wanafuata midomo imefungwa, maana wiki ile nani angeliimba jina hilo? Mmoja anapaza sauti, "Mheshimiwa, lami iko wapi?" na watu wanacheka. Uwanjani fahali wa yule mwalimu mstaafu anaingia kwa ngoma na tarumbeta. Wetu mnamfungua kamba. Anasimama katikati. Anainua kichwa, anageuza masikio huku na huku. Kisha anageuka, anarudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida, kama ng'ombe aliyemaliza kunywa maji, na watu wanamzomea mpaka video inakatika.

Jioni hiyo ukatangaza kwamba Mheshimiwa ametoroka, kwamba jina limemlaani, na kwamba ataliwa Krismasi. Shikanga anasema mwenye bucha ameshakuja, akamzunguka na kumbonyeza nundu.

Nilimwonyesha Brayo kesho yake. Nilitaka acheke, na alicheka, halafu akatikisa kichwa. "Lakini mnaionea bure. Hiyo ng'ombe haina hata ID. Ilipiga kura wapi?"

Mwanaidi akacheka mpaka akaketi. Mimi pia nilicheka, Baba. Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie, nikalia. Nimekuwa nikiwaambia watu wote huku kwamba siasa za nyumbani hazinihusu tena, na hapo nikagundua kwamba nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa namlilia ng'ombe.

Unakumbuka alivyozaliwa? Mama yake alikufa kabla hajamnyonyesha vizuri, nawe ukasema huyo ndama hafiki Jumapili. Nilimnywesha maziwa kwa chupa ya soda. Alipoanza kutembea akajitia kwenye seng'enge, sikio la kushoto likapasuka vipande viwili, na Mama akamwita Sikio. Hakuna busaa iliyomwagwa, lilikuwa jina la kumwitia chumvi tu. Nikisimama uani nikaita, alikuwa anakuja mbio na miguu yake ile mirefu isiyojua pa kwenda, anaulamba mkono wangu mpaka unawasha. Huyo ndiye mnataka kumkata vipande kwa sababu mtu mwingine hakuleta lami.

Sasa nitasema jambo zito, na nalisema nikiwa nimepiga magoti. Ile video niliitazama mara nyingi. Baadaye, kwenye basi la kwenda kazini, nikaweka simu sikioni nikaisikiliza bila kuitazama. Nilikuwa natafuta sauti yako. Tangu nikiwa mdogo, fahali wetu akifunguliwa kamba, wewe husimama nyuma yake na kupiga ukelele mmoja wa jina lake, ule ambao Mama husema unawaamsha waliokufa. Naujua. Ningeutambua katikati ya soko la watu elfu. Kwenye video haupo, Baba. Kuna kicheko, kuna tarumbeta ya wale wengine, kuna kikohozi chako. Hukumwita.

Najua kwa nini. Jina lilikukwama. Ungelitamkaje kwa sauti mbele ya watu wote, wewe uliyekata migomba? Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe lingenikwama pia. Ila yeye hajui habari za migomba. Hajui runinga wala kokoto. Alizoea wimbo, wimbo haukuja, akasema moyoni basi mzee ataniita. Akageuza masikio akikutafuta. Hukumwita, akarudi pale ambapo huwa anaitwa. Huko si kutoroka. Mimi mwenyewe nikisimama mahali bila kuitwa, ningerudi nyumbani kama nauli ingekuwepo.

Mwanaidi ana msemo kwa kila kitu, akanikumbusha ule wa fahali wawili kupigana na nyasi kuumia. Nikamwambia kwetu safari hii nyasi ndizo zilizopigana. Zilimwangusha mtu wa Rais, na ni haki yao, nami nilifurahi kimoyomoyo. Lakini sasa nyasi hizo hizo zinamgeukia fahali aliyefungwa kamba, na hapo simo.

Yule wa lami atarudi. Hawa hurudi, Baba. Muhula ukiisha atapanda tena juu ya gari lake, na siku hiyo nanyi mtakuwa na kura mkononi mumjibu mnavyotaka. Nami nitapanga foleni ubalozini nyuma ya Brayo. Hiyo hasira iwekeni mpaka wakati huo. Msiimalizie kwenye sufuria. Mkimla Mheshimiwa mtashiba, na aliyeshiba husahau.

Sikuombi uvunje desturi. Nasema tu kwamba kabla ya jina la busaa kulikuwa na jina la chumvi, na kumrudishia mtu jina lake la kwanza si kumpa jipya. Kama wazee wana neno juu ya hilo, watafute la kunijibu, nami nitasubiri jibu lao huku kwenye kizuizi changu.

Leo asubuhi tulikwenda kanisani, maana huku tunasali Ijumaa. Tulipokuwa tunatoka kwenye msongamano ule, mama mmoja wa kwetu nisiyemjua akaita nyuma yangu, "Khasandi! Wee Khasandi!" Alikuwa anamwita mwenzake. Baba, tangu nifike hapa sijaitwa jina hilo isipokuwa kwa simu. Naitwa Security asubuhi, Security mchana, na naitika. Lakini nilikuwa nimeshageuka kabla sijajua kwamba nimegeuka. Mwanaidi akaniuliza ninamtazama nani, nikamvuta mkono tukaenda kupanda basi.

Kwa hiyo naomba hivi. Barua ikimalizika kusomwa, nenda bomani, Shikanga abaki nyuma. Usibebe nyasi, usibebe chumvi. Simama kwenye ua pale nilipokuwa nasimama, umwite Sikio, na umwite kwa ule ukelele wako wa uwanjani, si kwa kunong'ona kama mtu anayeona haya. Asipogeuka, mwite mwenye bucha. Nami sitalia tena wala sitakulaumu. Akigeuka, wewe mwenyewe utajua la kufanya, sitakufundisha ng'ombe.

Nisalimie Mama na umwambie kitenge alichotaka Brayo anacho begini, asimsumbue Shikanga kuuliza. Msalimie shangazi anayeuza samaki sokoni, asichoke kuniombea. Mzee Lugonzo mwambie simchukii kwa kuweka mikono mfukoni, ila ngoma yake ni ya kuwamba kwa ngozi, haina kadi ya chama. Mchungaji msalimie. Mwenye bucha naye msalimie, akiwa amesimama nje ya lango.

Shikanga, ukimaliza kusoma hapa mpe Baba fimbo yake umwache aende peke yake.

Nami nitakaa na simu mkononi. Kama atageuka au hatageuka, hilo moja, Baba, linazungumzwa kwa simu.

Binti yako,
Khasandi